Sega la Mwenye Njaa

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na hadithi moja tu, na ilimtosha. Aliianza tukishang'oa karanga, akaimaliza mvua za kwanza zikikaribia, na mwaka uliofuata akaianza upya. Kila jioni baada ya kula sisi tulimenya karanga na yeye alizungumza. Ilikuwa hadithi ya mtemi wa nchi ambayo vilima vyake vilihamahama, na joka lililomeza mto, na kiti. Kila mtemi alipohukumu vibaya, kiti chake kiliota mzizi mmoja ukaingia ardhini. Mtemi aliuona akanyamaza, maana mzizi mmoja haumzuii mtu kusimama. Siku joka lilipofika mlangoni, mizizi ilikuwa mingi na mtemi alishindwa kunyanyuka.

Nilipojua kusoma niligundua kwamba kuna watu wanaandika vitabu vinene vya namna hiyo, vya wafalme na majoka, sura hii anasema huyu, sura inayofuata anasema adui yake, na wasomaji wanasifu ujanja huo. Bibi yangu hakujua a wala be, na ujanja huo alikuwa nao. Hakusimulia peke yake. Alifika mahali, akanyoosha kidole chenye vumbi la karanga na kusema, "Wewe sasa ni mtemi, endelea." Au ni joka, au ni mshtakiwa, au ni kiti. Na sharti lilikuwa moja: aliyesema jana kama mtemi, leo lazima aseme kama mshtakiwa. "Jana ulikaa, leo simama," ndivyo alivyotuambia, na hakuna aliyesamehewa.

Mimi nilipenda kuwa mtemi. Nilikuwa na sauti kubwa na huruma kidogo, na niliwafunga watu ovyo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alipenda kuwa kiti. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, na karibu kila jioni alivuka kuja kwetu. "Mnanikalia tu," alisema kwa sauti ya kiti, "mmoja anatoka mwingine anaingia, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza mgongo unaendeleaje." Baba alicheka mpaka akaangusha karanga. Walipendana sana hao mashemeji wawili. Walikuwa wametundika mizinga pamoja tangu ujana wao, huko porini upande wa Kakese, kabla reli haijafika Mpanda na watu hawajaanza kukimbilia mgodini.

Halafu baba akafanywa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji anayehukumu kesi ndogo kwa niaba ya mtemi. Tangu hapo akakataa kuwa mshtakiwa kwenye hadithi. Alisema mtu anayehukumu kweli hafai kuonekana amepiga magoti mbele ya watoto. Bibi alisonya. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, "kwa binadamu mchungu." Lakini alimwacha, kwa kuwa alikuwa mwanawe na sasa alikuwa mkubwa.

Mwaka ule wa kwanza wa baba kwenye kiti ndipo mimi nilipofanya nilichofanya. Nilikuwa na miaka saba au minane. Najua kwa sababu jino langu la mbele lilikuwa limetoka na jipya halijaota.

Kwetu asali ilikuwa na sheria yake, na kila mtoto aliijua. Mzinga ni wa aliyeutundika, na kuuiba ni sawa na kuiba ng'ombe. Ila mtu akikamatwa na njaa porini, mbali na nyumbani, anaruhusiwa kufungua mzinga wa mwenzake na kula papo hapo, tumbo lake tu, bila kubeba hata tone. Akishakula anachukua kipande cha sega, anakipigilia kwenye shina la mti huo kwa kijiti kilichochongwa, upande linakochomoza jua. Mwenye mzinga akija akalikuta, anajua aliyepita hapa ni mtu mwenye njaa. Asipolikuta, ni mwizi. Sega hilo haliguswi.

Tulikwenda kuokota uyoga, mama na mimi. Mama alitangulia. Mimi nilibaki nyuma kama kawaida yangu, nikauona mti, na kwenye mti sega, na ndani ya sega majana, watoto wa nyuki, meupe yaliyonona. Nilijua. Sitaki kudanganya kwamba sikujua. Nilitazama huku na huku, nikalichomoa na kijiti chake, nikalitafuna pale pale, nikatema nta, nikakimbia kumfuata mama. Aliniuliza mbona nahema. Nikasema nimeona nyoka.

Siku mbili baadaye mzee mmoja wa kijiji cha pili alikuja kwa baba na kusema mzinga wake umefunguliwa na mtini hakuna alama. Mjomba wangu alikuwepo uani siku hiyo. Hakusubiri kuulizwa. Alisema, "Ni mimi, mzee. Nilikuwa natoka mbali, siku mbili sijala. Nimekula na nimeweka sega. Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Sega liko wapi?" mzee akauliza.

"Lipo mtini."

Baba alituma watu wawili wafuatane naye wakaangalie. Walirudi jioni. Mtini palikuwa na tundu dogo ambalo hata mdudu angeweza kulitoboa. Mmoja wa wale wawili alisimulia kwamba mjomba aliinama chini ya mti, akaokota kitu kidogo, akakitazama, akakitia mfukoni, na kuanzia hapo hakujitetea tena. Watu waliona huo ndio ushahidi. Mtu mwenye haki hupiga kelele, walisema.

Baraza lilikaa kwenye banda la nyasi nyuma ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nimebana ukutani upande wa nje, jicho kwenye upenyo. Nilichoogopa kilikuwa kitu kimoja, kwamba mtu atanigeukia. Mjomba sikumwaza, ndiyo kweli yenyewe. Baba alimuuliza mara tatu kama ana la kuongeza. Mara tatu mjomba alisema hana. Nilimwona baba akiwatazama watu, mmoja mmoja, na wao wakimtazama yeye, wakisubiri waone kama atambeba shemeji yake. Na kwa kuwa walisubiri hivyo, akampa adhabu ambayo asingempa mtu mwingine. Mizinga yake yote ishushwe, na asikanyage pori mpaka mtemi mwenyewe atakapotamka.

Kumfungia mrina asali pori ni kumwambia mtu asipumue. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Mjomba alipiga makofi ya heshima mbele ya baba, polepole, kama inavyotakiwa, akasema, "Nimesikia, mwanangwa." Hakusema shemeji.

Niliogopa kwa siku tatu. Halafu woga ukaisha, na baada yake hakikuja kitu. Nilikula, nilichota maji, nilicheza. Nilijaribu kulia mara moja, kwa makusudi kabisa, nyuma ya ghala, nikashindwa. Mguu ukifa ganzi unaweza kuupiga ngumi na usisikie, na mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Asubuhi moja nilikwenda bandani kuchungulia chini ya kiti cha baba. Hakukuwa na mzizi. Kulikuwa na kuku anaatamia.

Mjomba alikuja jioni moja zaidi. Alikaa mbali kidogo na baba, akavuta ungo wa karanga. Bibi akaendelea na hadithi kama vile hakuna lililotokea, mpaka akafika mahali mtemi anapomhukumu mtu aliyesingiziwa kuiba kivuli cha mti. Akanyoosha kidole kwangu. "Jana ulikuwa mtemi. Leo wewe ni mshtakiwa. Jitetee."

Nilifungua mdomo. Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Labda kwa sababu hadithini hakuna kesi, kila mtu anasema anachotaka na kesho yake anaamka salama. Nikasema, "Mtemi, mimi alama niliiweka. Ililiwa na ndege mdogo. Ndege huyo hana jino."

Baba aliacha kumenya. Alinitazama, macho yake yakashuka mpaka mdomoni, kwenye pengo, yakakaa hapo. Mjomba aliinamia ungo wake. Mama alikuwa jikoni na hakusikia. Bibi, ambaye alisikia kila kitu maisha yake yote, alisema tu, "Endelea. Mtemi akasemaje?"

Ilikuwa zamu ya baba kuwa mtemi. Tulisubiri. Aliokota karanga moja, akaimenya, akaitazama, hakuila.

"Kesi imeshakatwa," akasema. Kisha, akimgeukia bibi, "Mama, hadithi itoshe kwa leo."

Hakukaa tena kwenye hadithi, wala hakuniuliza kitu. Hakunipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Kesho yake alikwenda bandani akahukumu ugomvi wa mbuzi. Nimemfikiria mara nyingi. Alikuwa na mwaka mmoja tu kwenye kiti, na kubatilisha hukumu kungemlazimu kunisimamisha mimi bandani, mtoto wake, mbele ya wale wale waliosubiri kuona atambeba nani. Namwelewa. Kumwelewa hakujanisaidia kumsamehe, na mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo tuko sawa.

Mjomba aliondoka mwezi ule kwenda mgodini, kusukuma vitoroli vya mawe. Mzee mwenye mzinga alifariki, mtemi hakutamka lolote, pori likabaki limefungwa. Mama hakumnunia baba. Alimpikia, alimfulia, alimjibu alipoulizwa. Nyumba yetu ilikuwa na adabu sana miaka hiyo. Mama amekwenda kaburini akijua kaka yake alikuwa mwizi wa asali, na amemsamehe kwa wizi huo kwa moyo wote, mbele yangu, mara nyingi.

Miaka mitatu au minne baadaye mama alinichukua tukaenda kumwona mjomba huko mgodini. Alikaa kwenye chumba cha wafanyakazi, safu ndefu ya milango inayofanana, vumbi la kijivu kila mahali. Alikuwa amekonda na alikohoa, ila alifurahi. Mama alikuwa amemletea kibuyu cha asali, ameifunga vizuri kwa jani. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka juu ya kabati.

"Siku hizi sili," alisema. "Nimezoea sukari ya dukani."

Mama akatoka kwenda bombani kuosha vikombe. Tukabaki wawili. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, meno yote yamejaa. Alinitazama kwa muda, halafu akaingiza mkono chini ya mto wake akatoa kitambaa. Ndani kulikuwa na kidonge cha nta, kimekauka na kuwa cheusi. Alikishika kwenye mwanga wa mlango nikaona alama za meno, ndogondogo, zimepangana mstari mmoja, na katikati ya mstari pengo.

"Nilikiokota chini ya mti," akasema.

Nilipitisha ulimi kwenye meno yangu ya mbele.

"Ningekitoa pale barazani, ungeitwa wewe. Nilikuwa naliona jambo lote kutoka pale alipokaa yeye, shemeji yangu, na mtoto wake anasimamishwa mbele yake. Nikaona bora mimi. Bibi yako alinizoeza vibaya." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Kumbe na wewe ulilisema, jioni ile. Kwa mdomo wa ndege."

"Baba alisikia," nikasema.

"Nilimwona akisikia. Ndipo nikaondoka."

Nilingoja nisikie kitu ndani yangu, aibu, au huruma, au hata woga wa zamani. Nilisikia maji ya bombani na mama akigonganisha vikombe. Alirudi, akamimina chai, akaniwekea mbele yangu, akatoka tena kuanua kitambaa cha vikombe alichokianika.

Mjomba alikwisha kurudisha nta chini ya mto. Aliinama kwangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli, kwa kuwa hilo moja hakuwahi kuliona kutoka upande wowote.

"Lile sega," akasema. "Lilikuwa tamu?"

"Ndiyo, mjomba."

Akatikisa kichwa, akavuta kopo, akaniongezea sukari.