Binti wa Kitamil Hajafa

Juzi, huku ughaibuni, katika basi la kutoka Linden kwenda kwenye maghala ya Reynoldsburg, dada Mkongo aliyekaa mbele yangu alikuwa analia juu ya simu. Nikajua pana msiba. Kumbe anaangalia sinema ya mapenzi ya Kihindi, ya Kitamil.

"Mama, binti amekufa," alimwambia mama Mrundi wa makamo aliyekaa naye.

Mama hakugeuza hata shingo. "Hajafa. Amezimia. Niliiona kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye kibanda cha video, mtafsiri akitueleza kwa Kiswahili."

"Mais banamuchoma moto!" dada akapinga, kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa.

"Wanampasha joto. Mtafsiri alisema."

"Bon, na kisha?"

"Kisha mtafsiri akazima video, akatutangazia kuwa binti na mpenzi wake wameoana na wana watoto wawili."

Dada akamsogezea simu. "Angalia weye, Mama. Hii ni majivu."

Mama akaifunika kwa kiganja. "Siku ile wote tulikuwa tumetoka makaburini," akasema. "Mtafsiri naye alikuwepo."

Waliotengeneza sinema ile walichoma kuni nyingi ili tulie. Mtafsiri wa kambini aliuzima moto wake kwa kipaza sauti tu.

Dada akafuta machozi, akazima simu. "Bale batoto babili," akauliza, "banaitwa nani?"