Shuka Langu Kwenye Mkwaju wa Bi Mwanahawa

Haya, mmeninywesha chai mpaka nimelainika, basi nawasimulia, ila mkicheka mcheke mkiniangalia usoni, maana aibu ile niliipata mchana kweupe na sikuwa na wa kugawana naye.

Nilikuwa mgeni Mtawanya. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Marangu, na pale kijijini sikumjua mtu vizuri isipokuwa jirani yangu Zuhura, mke wa Athumani fundi pikipiki, ambaye aliniazima kila nisichokuwa nacho, kuanzia mbuzi ya kukunia nazi hadi ndoo. Jumamosi moja mvua ikatupa nafasi baada ya kunyesha wiki nzima, nikafua kila kilichokuwemo ndani, Zuhura akaja kuchukua ndoo yake akaenda zake kisimani, na mimi ndiyo kwanza naanza kuanika, kamba yangu (niliyoifunga mwenyewe, mikono yangu mnaijua) ikakatika.

Sasa nyuma ya nyumba za walimu, kwenye njia hiyo ya kisimani, kuna mkwaju mkubwa, na matawi yake ya chini yalikuwa yamefungwa vitambaa, vyeupe, vyekundu na vyeusi. Nikajisemea, kumbe wenzangu huanika hapa. Mtu mzima, nina cheti cha ualimu.

Nikatundika shuka langu jeupe, kando yake pazia jekundu, kando yake tena sketi yangu nyeusi ya kazini. Na chini ya shuka, kama tulivyofunzwa na mama zetu, nikabana zile nguo ambazo mpita njia hapaswi kuziona. Nikatazama kazi yangu nikaridhika, nikapanda bodaboda kwenda Kibiti mjini kununua dagaa.

Nipo sokoni, simu ikalia. Kwenye kundi la wazazi na walimu kumetumwa picha ya shuka langu (nililijua kwa ile alama ya pasi iliyoliunguza pembeni), na chini yake maneno: "Tambiko kubwa namna hii halijawahi kuonekana hapa." "Rangi zote tatu, tena vitambaa vizima." "Aliyeweka ana jambo zito, tumwombee."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkwaju ule ni wa mizimu. Mwenye shida hupeleka kipande cha kitambaa kisichozidi upana wa kiganja, akanyunyiza marashi, akaomba, akaondoka, na hakuna anayegusa cha mwenzie. Mimi nilikuwa nimepeleka shuka la tano kwa sita.

Nitawaambia kweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Shuka hununuliwa. Lakini ujumbe uliofuata ukasema Zuhura ameonekana asubuhi akipita pale mtini na ndoo, na kila mtu alijua Zuhura amekaa kwenye ndoa miaka bila kupata mtoto, na kila mtu alijua Athumani ni mtu wa msikitini ambaye ameshasema hadharani mambo ya mizimu nyumbani kwake hayataki. Mara Zuhura mwenyewe akapiga simu.

"Dada mwalimu, njoo. Athumani anasema leo hii ananirudisha kwetu Mahege. Mie sijaweka kitu pale, na hapa hakuna anayenisikia."

Nikaacha dagaa kwenye mizani.

Nilipofika nikakuta nusu ya kijiji imezunguka nguo zangu kwa adabu kubwa. Bi Mwanahawa, ambaye huutunza mkwaju ule kama mama yake alivyoutunza, ameshika chupa ya marashi, Athumani amekunja mikono, na Zuhura amesimama na begi miguuni.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Pita pembeni kidogo, tuna jambo."

"Bibi, jambo lenyewe ni langu. Hizo ni nguo zangu. Nimefua, nimeanika."

"Mwalimu," Athumani akasema, "usimkingie kifua mwenzio. Nani mwenye akili zake ataanika kwenye mkwaju huu?"

Swali zuri, na jibu lake lilikuwa limesimama mbele yake. Basi kwa haraka ya kumwokoa Zuhura, nikalishika shuka niwaonyeshe ile alama ya pasi, nikalivuta kwa nguvu, vibanio vikaruka, na siri zangu zote zikashuka moja moja mbele ya wazee, na moja (ya pinki, lastiki yake imekata tamaa siku nyingi) ikatua juu ya kandambili ya Athumani.

Athumani aliutazama mguu wake kama mtu aliyerukiwa na chura. Bi Mwanahawa naye akatazama, akafunga chupa yake ya marashi taratibu, akasema, "Mizimu ya hapa haivai hivyo."

Zuhura ndiye aliyeanza kucheka, machozi bado yanamtoka, na baada ya hapo hata wazee walishindwa kujizuia. Nikaziokota nguo zangu nimepiga magoti, na kwa kuwa nilikuwa chini tayari nikaomba radhi huko huko.

"Kwani kwenu hakuna mti wa kuheshimiwa?" Bi Mwanahawa akaniuliza, bila ukali.

Swali hilo liliniuma kuliko kicheko. Babu yangu mzaa mama ni Mpare, alitukataza hata kuokota kuni kwenye msitu wa matambiko. Na kwetu Uchagani kuna mmea uitwao sale: ukimkosea mtu unampelekea jani la mmea huo, na akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Nikawaeleza hivyo, na nikasema kama ningekuwa na jani la sale ningempa Zuhura wa kwanza.

Athumani alikuwa ameinama. Kisha akaokota ukwaju mmoja uliodondoka (kuchuma pale hairuhusiwi), akaupangusa kwenye shati, akampelekea mkewe mbele ya watu wote.

"Huku hatuna hilo jani," akamwambia. "Pokea huu. Nimekukosea, Zuhura. Sikukusikiliza."

Zuhura akaumenya, akauma, akakunja uso, nusu akampa mumewe. Begi alilibeba Athumani kurudi nyumbani.

Adhabu yangu ni kufagia chini ya mkwaju kila Jumamosi, nami nafagia. Likizo iliyofuata nilirudi na miche ya masale kutoka kwa mama, nikaipanda uani, na imeshika vizuri kwenye udongo wa kule kuliko nilivyoshika mimi. Tangu siku ile siweki hata leso kwenye mti kabla sijauliza mti huo ni wa nani.

Na kamba? Kesho yake asubuhi nilifungua mlango nikakuta Athumani anachimbia nguzo mbili uani kwangu, na Zuhura ameshika kamba mpya ya nailoni. Akaijaribu kwa kuning'inia, haikukatika.

"Dada mwalimu," akasema, "huu ndio mti wako."