Kijiti cha Televisheni Alichochagua Mama

Mama aliteleza shambani kwake, Kagera, asubuhi moja baada ya mvua, akaangukia ubavu katikati ya migomba, na nyonga ikavunjika. Alifanyiwa upasuaji hapa Mwanza, na alipotoka hospitali akaja kukaa kwetu Nyakato mpaka apone. Wiki za kwanza alilala tu. Baadaye akaanza kutembea kwa magongo, kutoka chumbani hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi jikoni, akikagua sufuria zangu.

Jambo lililomnyima raha halikuwa nyonga. Dada yake mkubwa, ambaye ni mtawa, alikuwa anakaribia kuadhimisha jubilei ya miaka hamsini ya nadhiri zake huko kwao Kagera. Mama alikuwa ameshashona kitenge cha siku hiyo kabla hajaanguka. Sasa daktari alikuwa amekataa kabisa safari ya basi, na ya meli pia, kwa sababu ya ngazi. Mama alimsikiliza daktari kwa adabu, akasema, "Asante, mwanangu," na tulipofika nyumbani akageukia ukutani, hakutaka chai.

Nikapiga simu parokiani kwao. Kijana aliyepokea akaniambia ibada nzima itarushwa mubashara kwenye intaneti. Vijana wa parokia walikuwa na kamera nzuri na kila Jumapili wanarusha misa. Nilimpelekea Mama habari hiyo mbio mbio, nikamfungulia kwenye simu yangu misa ya Jumapili iliyopita ili aone. Akaishika simu, akaipeleka mbali, akaileta karibu na pua, kisha akanirudishia.

"Dada yangu amekaa utawani miaka hamsini," akasema, "halafu mimi nimtazame akiwa na ukubwa wa punje ya kahawa?"

Televisheni yetu ilikuwa kubwa na picha yake safi, lakini ni ya zamani kidogo, haina intaneti. Mume wangu akasema hakuna haja ya kununua nyingine, siku hizi kuna vifaa vidogo vya kuchomeka nyuma ya televisheni, na yenyewe inageuka ya kisasa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mimi nafanya kazi maabara, kwenye kiwanda cha samaki, na nimezoea kupima jambo kabla ya kuliamini. Kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana nikawauliza wenzangu. Nilijuta. Mmoja akaniambia ninunue boksi la intaneti, lenye kumbukumbu kubwa, vingine vyote ni vya kuchezea watoto. Wa pili akasema boksi lake linapata moto kama pasi na picha inaganda kila mpira unapokaribia goli. Wa tatu akasema tunapoteza muda, ninunue waya tu wa kuunganisha simu na televisheni. Mume wangu naye, ambaye mwanzo alisema chochote kitafaa, akaanza kulipigia debe boksi kwa ajili ya mechi zake. Nikajaza kurasa mbili za daftari, nikalinganisha, nikachora na jedwali, na kila jioni nilikuwa mbali zaidi na uamuzi kuliko jioni iliyotangulia.

Mama akaniangalia nikipekua lile daftari.

"Hicho kitu," akauliza, "mchana mkiwa kazini, kitakuwa na nani?"

"Na wewe, Mama."

"Basi nipeleke nikakione."

Tukachukua bajaji hadi Mabatini, magongo yakiwa yamelala mapajani mwetu wote wawili. Nilikuwa nimeelekezwa duka moja la vifaa vya umeme, linaloendeshwa na mama mmoja wa makamo mwenye ushungi wa bluu, ambaye baba yake alikuwa akiuza redio palepale. Alipomwona Mama anashuka kwa shida, akaacha mteja, akatoka na kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kutafuta kitu cha kumwonea dada yangu."

Nikatoa daftari. Nikaanza kuuliza habari za kumbukumbu, na kasi, na ubora wa picha. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, akaliangalia jedwali langu, na nadhani alilipenda kidogo. Kisha akauliza, "Rimoti atashika nani?"

Katika kurasa zangu mbili swali hilo halikuwepo.

"Mimi," akajibu Mama.

"Basi tuanzie hapo."

Akaleta kwanza rimoti ya boksi. Ilikuwa ndefu na imejaa vitufe vidogo vidogo. Mama akaigeuza huku na huku. "Hii ni ya rubani," akasema, akairudisha mezani. Ule waya wa simu ukakataliwa hata kabla haujatolewa kwenye pakiti, kwa kuwa simu ningeondoka nayo mimi kila asubuhi. Ndipo yule mama akachomeka kijiti kimoja cheusi, kirefu kama kidole cha kati, kwenye televisheni ya dukani, akampa Mama rimoti yake. Ilikuwa fupi, na vitufe vyake vilihesabika. Mama akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu. Vidole vyake vimeshinda kwenye rozari maisha yote, vinajua kuhesabu bila kuangalia. Akakifikia kitufe cha juu kabisa.

"Na hiki?"

"Hicho unabonyeza, unaongea. Unakiambia unachotaka."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, mama. Jaribu."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Akabonyeza, akaisogeza rimoti mdomoni, na kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani akasema, "Nataka vyakura vya Kihaya."

Kwetu Wahaya herufi L na R hazina ugomvi, zinapishana zinavyotaka. Kile kijiti hakikulijua hilo. Kwenye kioo zikatokea picha za watu wamepanga foleni, na masanduku ya kupigia kura, na mtu mwenye tai akieleza namna ya kukunja karatasi.

Mama akatazama kwa muda. "Mimi nimeomba chakura," akasema, "hawa wananipigisha kura."

Duka zima lilicheka. Kulikuwa na mzee aliyekuja kununua globu na wanawake wawili waliokuwa wanasubiri redio yao itengenezwe, na wote walisogea. Mama mwenyewe alicheka mpaka akashika nyonga. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aanguke.

"Jaribu neno lisilo na matatizo," mwenye duka akamwambia huku akijifuta machozi kwa ncha ya ushungi.

Mama akafikiri. Akabonyeza tena. "Senene!"

Na senene wakaja. Wakajaa kioo kizima, wa kijani na wa kahawia, wamemwagwa kwenye ungo, mikono ya mwanamke fulani ikiwanyonyoa mbawa haraka haraka, na nyuma yake sauti za watu wanaongea Kihaya. Mama akainama mbele. Yule mzee wa globu, ambaye kwa lafudhi yake ni Msukuma, akauliza kama kweli hao wadudu wanaliwa. Akapewa maelezo marefu, ya kuchemsha, na ya kukaanga, na ya kuhifadhi.

"Tunachukua hiki," Mama akaniambia, bila kugeuka.

Mwenye duka hakutuachia twende hivi hivi. Akataka kuiona televisheni yetu kwa nyuma. Bahati nzuri nilikuwa nimeipiga picha kwa simu. Akanionyesha kwamba tundu moja limeshikwa na king'amuzi, na lililobaki limebanwa na ukuta, kijiti hakitaenea, akaongeza kipande kifupi cha waya wa kukipa nafasi. Akanionya nisichukue umeme wake kwenye televisheni yenyewe, nikichomeke kwenye soketi ya ukutani, la sivyo kitakuwa kinajizima na kujiwasha. Yote hayo niliyaandika daftarini, na hayo ndiyo maandishi pekee yaliyonisaidia.

Tulifunga siku ileile. Mume wangu aliandika nywila ya intaneti herufi moja moja kwa mishale ya rimoti, akikosea na kurudia. Mama akamwambia, kwa upole, kwamba vidole vyake ni vizito. Siku zilizofuata nilikuwa nikitoka kazini namkuta Mama ameshatembea duniani. Alinisimulia namna wanavyokausha kahawa nchi ambayo jina lake hakulishika. Alikuwa amejifunza kutamka L kwa makusudi, akiuvuta ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akiniangalia kwa ushindi kitu alichokitaka kinapotokea.

Jumamosi ya jubilei Mama aliamka kabla yetu. Akavaa kile kitenge chake na kilemba chake. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye huja kumsalimia kila siku, akafika na sahani ya vitumbua, akakaa pembeni yake. Saa tatu kasoro dakika chache likatokea kanisa la kwao, limepambwa kwa majani ya migomba, na kwaya imesimama. Picha iliganda mara moja, wanakwaya wakabaki midomo wazi, mume wangu akasimama akaelekea kwenye kijiti, na kabla hajakigusa wakaendelea kuimba.

Wakaingia watawa watano wa jubilei. Mama mkubwa alikuwa wa tatu. Alionekana kwa ukubwa hasa, mikunjo ya uso, miwani, shada la maua kichwani juu ya shela.

"Shikamoo, dada," Mama akasema.

Akaiitikia misa yote, sauti yake ikiwa mbele kidogo ya ile ya kanisani. Mwisho wa ibada kila mtawa alipewa nafasi ya kushukuru. Mama mkubwa alipopewa kipaza sauti, Mama alivuta magongo, akajiinua, akasimama wima mbele ya televisheni. Nikamwambia akae. Hakusikia.

Mama mkubwa alimshukuru Mungu, na shirika lake, na wazazi. Kisha akasema baba yao hakutaka awe mtawa, alikuwa ameshapokea posa. "Nilitoroka alfajiri," akasema, "na aliyenibebea sanduku kichwani mpaka bandarini ni mdogo wangu, akiwa msichana mdogo. Aliporudi nyumbani akasema alikuwa anaokota kuni. Akaulizwa, kuni ziko wapi? Akasema, zimelowa, nimezianika." Kanisa likacheka. "Leo hayupo hapa, ameumia nyonga, yuko Mwanza. Lakini najua ananitazama. Na najua amesimama." Akainua kidole kuelekea kwenye kamera. "Mdogo wangu, kaa chini!"

Mama akakaa. Alikaa haraka, kama alivyoambiwa, gongo moja likaanguka sakafuni, na jirani yetu akapiga kigelegele kilichowatoa watu wa nyumba ya pili.

Nilikuwa na miaka arobaini na zaidi na sikuwa nimewahi kusikia habari za lile sanduku. Nilimgeukia Mama. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, uso umemng'aa.

"Ni kweli, Mama?"

"Lilikuwa zito," akasema. "Aliweka vitabu."

Mchana, ndizi zikiwa jikoni na sebule imejaa majirani, simu ikaita. Alikuwa mama mkubwa mwenyewe, ametoroka kidogo kwenye karamu yake. Walizungumza Kihaya cha haraka, cha kupokezana maneno, ambacho mimi niliyekulia Mwanza nakipata nusu nusu. Nikasikia neno la kuni, nikasikia la baba yao, nikasikia Mama akisema kwa sauti kubwa kwamba hapana, yeye hakusimama hata kidogo, ni uzushi. Nikarudi jikoni kugeuza ndizi zisishike chini.