Daipa Kwenye Shamba la Nduma

Mwenye nyumba wetu sikumpenda tangu siku niliyohamia kwake, na sidhani kama yeye alinipenda. Nilikuwa nimetoka magharibi kuja kufundisha shule ya msingi huku Giakanja, Nyeri, tumbo likiwa mbele, mume wangu amebaki kwenye kituo chake cha polisi mbali kabisa. Mama huyo, mzee wa mvi na gamubuti za mpira miguuni, alinionyesha chumba na bomba, kisha akanishika mkono akanipeleka hadi mlangoni pa choo cha shimo, nyuma ya ploti yake ya vyumba vya kupangisha.

"Mwalimu, hii choo ni yangu," akasema. "Mtu alikuwa hapa mbele yako aliijaza na daipa za mtoto wake. Gari ya kunyonya choo ikakuja, paipu ikaziba, dereva akanitukana mbele ya watu. Mimi, na hii mvi yote! Sasa nikipata daipa moja huko ndani, unatoka hiyo siku. Si kesho. Hiyo siku."

"Sawa, shosho," nikamjibu kwa heshima ya nyanya, huku nimeuma meno.

Ningemwambia nini? Chumba kile kilitazamana na lango la shule. Ningejifungua, ningerudi kazini, na kengele ya mapumziko ikilia ningevuka barabara, nimnyonyeshe mtoto, nirudi kabla chaki haijapoa. Nyumba nyingine zote zilikuwa mbali, na maziwa ya mama hayasubiri mtu apande mlima. Kwa hiyo nilimeza maneno yake yote na kulipa.

Mtoto alizaliwa, msichana, mwenye mapafu ya mhubiri wa sokoni. Mama yangu mzazi akaja kunisaidia kumlea. Alikuja na kuku wawili, sindano za kufumia, na sheria moja ambayo hata mume wangu na bunduki yake hakuweza kuivunja: daipa ya mtoto haichomwi. Ukiichoma, mtoto ataungua huko huko chini, atoke vidonda, na kilio chake hakitakwisha. Nilijaribu kumweleza kwamba nina cheti cha ualimu na kwamba moto hauna habari na makalio ya mtu aliye mbali nao.

"Choma basi," akasema. "Mtoto ni wako."

Sikuchoma. Nasema wazi kwamba sikuthubutu, cheti au hakuna cheti.

Mtu atauliza kwa nini sikutumia vitambaa. Mtu huyo hajawahi kukaa Nyeri mwezi wa saba. Jua hulioni. Manyunyu yanaanza alfajiri na hayaishi, maji ya bomba yanakata vidole, na kitambaa ulichoanika Jumatatu, Alhamisi bado kinadondoka. Niliposhika pakiti ya kwanza ya daipa, yenye picha ya mtoto mnene anayecheka kana kwamba hajawahi kunya maishani mwake, niliibusu. Niliwachukia wote walionisimulia walivyofua vitambaa vya watoto saba mtoni. Mlifua, hongereni. Mimi nilikuwa na madaftari ya watoto hamsini ya kusahihisha.

Basi choo kimekatazwa na moto umekatazwa, daipa ziende wapi? Mama yangu alizikusanya kwenye gunia la mbolea, na kila Jumamosi akalishona mdomo kwa sindano ya gunia na uzi wa sufu wa manjano, masalio ya sweta aliyomfumia mjukuu. Mwanamume mmoja wa mkokoteni alipita na kulichukua pamoja na takataka za ploti za jirani.

"Unaipeleka wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Inaenda kutupwa, mwalimu."

Jibu hilo lilinitosha. Tena wiki hiyo hiyo nilikuwa nimefundisha darasa la nne utunzaji wa mazingira. Tuliimba, tukachora mapipa, tukaandika ubaoni kwa herufi kubwa: TUPA TAKA MAHALI PANAPOFAA. Hakuna mtoto aliyeuliza mahali hapo ni wapi. Lau angeuliza, ningemkaripia kwa kunipotezea muda.

Jumamosi hiyo hiyo ya gunia ilikuwa pia Jumamosi ya nduma. Mwenye nyumba alikuwa na shamba lake la nduma, yaani magimbi, bondeni chini ya ploti, kwenye kijito, na nduma hizo alizipeleka kuuza Karatina na kurudi akijisifu hadi masikio yetu yakachoka. Ila mtoto wangu alipofikisha miezi sita, alianza kutuletea mbili kila Jumamosi, bure, bila tabasamu.

"Ya mtoto," angesema, aziweke mlangoni, aende zake.

Mama yangu alizichemsha, akaziponda na maziwa, na mtoto alizila hadi akajipaka masikioni. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mwanamke yule alinifanyia nikashukuru kwa moyo, na hata shukrani yenyewe iliniudhi.

Kisha mvua za mwezi wa nne zikafika kwa hasira. Zilinyesha wiki nzima, na Jumamosi asubuhi tukasikia ukelele kutoka bondeni. "Ngai! Mungu wangu! Kujeni! Kujeni muone!" Wapangaji tukashuka, majirani wakashuka, mama yangu akabaki ukingoni juu akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Kijito kilikuwa kimefurika kikaingia katikati ya nduma. Na kila shina lilikuwa limekumbatiwa na daipa. Zilikuwa zimefura kama mandazi yaliyosahauliwa ndani ya chai, nyingine zimepasuka na kumwaga ute wao mweupe juu ya majani, juu ya udongo, ndani ya maji yenyewe. Mwenye nyumba alichota ute huo kwa kiganja akaunyanyua.

"Hii ni nini? Ni mayai ya chura?"

Wote wakanigeukia mimi, mwalimu. Nikasema ni dawa iliyo ndani ya daipa, ya kunyonya mkojo. Akaukung'uta mkono kama aliyeshika makaa.

"Na hii inaoza lini?"

Nikasema haiozi leo wala kesho.

Majirani wakaanza kupandisha sauti. Ni watu wa sokoni! Ni wale wa hoteli! Ati kuna mkokoteni huwa unamwaga vitu nyuma ya soko, pale mteremko unapoanzia! Mmoja akataka twende sasa hivi tukawafunze adabu. Mimi pia nilipiga kelele, tena kuliko wote. Nilikuwa na hasira ya kweli, nikivuta ule uchafu wa watoto wa watu kwa jembe na kuwalaani mama zao.

Mwenye nyumba akainama akavuta gunia lililonasa kwenye mizizi. Lilikuwa limepasuka ubavuni, lakini mdomo wake ulikuwa bado umeshonwa vizuri sana, kwa uzi wa manjano.

Akautazama uzi ule. Akainua kichwa akamtazama mama yangu pale juu, na mtoto mgongoni mwake, na sweta ya manjano juu ya mtoto. Mwisho akanitazama mimi. Nikaacha kulaani. Nilikiona chumba changu kikiondoka, na lango la shule, na kifua kikinivuja darasani huku mtoto akilia mbali. Hiyo siku unatoka. Si kesho.

Akachomoa panga, akakata uzi, akautia kwenye mfuko wa aproni.

"Ni watu wa kule juu," akawaambia majirani. "Saidieni nitoe hii takataka, hiyo vita ni ya kesho."

Jioni alikuja mlangoni na gamubuti zake zenye matope, akaingia bila kukaribishwa, akautupa uzi mezani. Sikungoja aanze.

"Ulinikataza choo," nikamwambia. "Ulitaka nizimeze?"

"Si ungechoma?"

"Mtoto aungue?" mama yangu akadakia kutoka kitandani.

Mwenye nyumba akamtazama mtoto aliyelala, akaiacha habari ya kuchoma. Nikajua mara moja kwamba naye hachomi, kwamba hata wajukuu zake wakija likizo yeye pia hathubutu. Nikapata nguvu. Nikamuuliza kuhusu chupa tupu za dawa ya kunyunyizia viazi alizozitundika kwenye ua wake, nyingine zimeanguka kwenye kijito hicho hicho anacholilia.

"Hiyo si mavi," akasema.

"Hiyo ni sumu!"

"Basi mimi niko na sumu na wewe uko na mavi, na maji ni moja!"

Tulipigiana kelele hadi mtoto akaamka. Nilimwita mchoyo. Akaniita msomi wa bure. Mwishowe nikasema kwamba sina haja ya chumba chake, nitafunga virago hata sasa hivi, mvua inyeshe isinyeshe. Pa kwenda sikuwa napo.

"Huendi mahali," akasema.

"Wewe ndiye ulisema, nikipatikana, natoka siku hiyo hiyo."

"Nilisema. Sasa nasema hutoki. Ukitoka hapa utaenda kutupia mtu mwingine, na huyo hatakujua. Mimi nakujua. Utakaa hapa hapa, utafua vitambaa hapo nje nikiona, na utakula yenye inatoka huko chini, kama mimi."

Tangu siku hiyo nafua. Nachukia kila kitambaa, nachukia maji yale ya barafu, na vikikataa kukauka navianika juu ya jiko na chumba kizima kinanuka. Sijamsamehe, wala yeye hajaniomba msamaha. Chupa zake bado zinaning'inia uani.

Lakini jioni ile kabla hajatoka aliingiza mkono katika ule mfuko wa aproni, akatoa nduma mbili zenye udongo mbichi wa bondeni, akaziweka mezani kando ya uzi.

"Ya mtoto," akasema. "Ni Saturday."

Akaenda zake. Mama yangu alinitazama, nami nikaitazama sufuria. Hakuna aliyezitia ndani. Mtoto ndiye aliyeziona nduma, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kulia apewe.