Reli ya Jael Haibomoi Nyumba

Saa moja na nusu asubuhi, Jael Awiti anaipangusa kompyuta ya nne taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Vumbi la Kawangware halina adabu. Linapanda ngazi hadi juu ya bucha, kwenye chuo cha kompyuta cha Umar Fadul, na kukalia viti kabla ya wanafunzi waliolipa karo.

Jael, mwenye umri wa miaka 36 na mama wa mtoto aitwaye Hope, amefagia hapa miaka mitatu, na hulipwa shilingi 2,200 kwa mwezi. Kozi ya miezi mitatu kwenye kompyuta hizo hizo ni shilingi 4,500. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

"Nimezigusa kuliko mwanafunzi yeyote," anasema. "Shida ni kwamba nazigusa zikiwa zimezimwa."

Zikiwashwa, wanafunzi wa Umar huzoeza mikono yao kwa mchezo mmoja wa reli. Unatandika njia, unajenga stesheni, unanunua magari ya moshi na kubeba abiria. Jael alijifunza kuucheza saa za chakula cha mchana, tambara begani. Anaishi Soweto West, Kibera, hatua chache kutoka reli ya kweli, kwa hiyo habari za treni hakuanza kuzisikia kwa Umar.

Mwezi uliopita Umar alitangaza shindano. Saa mbili za kucheza, ramani moja kwa wote, na atakayebeba abiria wengi atasoma kozi nzima bure. Anayeruhusiwa ni yeyote aliye chini ya paa la chuo. Jael akauliza kama mwenye ufagio naye anahesabiwa.

"Paa ni langu, Mama Hope," Umar akamjibu, "lakini kila asubuhi wewe unakuwa chini yake kabla yangu."

Jumamosi ya shindano, Tonny, bingwa wa darasa na wa kujisifu pia, alichora reli mbili zilizonyooka hadi katikati ya mji. Nyumba zikiwa njiani, alibonyeza alama ya tingatinga, akazibomoa, na kuendelea kutafuna chingamu.

Jael naye alifika kwenye nyumba, na mkono ukagoma.

Nyumba yake ya kwanza Kibera ilibomolewa akiwa sokoni. Alirudi akakuta mlango umelala chini, kufuli bado imefungwa. "Ufunguo nilikuwa nao mkononi," anasema, na leo anacheka. "Ningefungua nini?"

Basi akatandika reli moja tu, ikizunguka kila nyumba kwa heshima zote. Darasa likavunjika mbavu. Tonny, akimwita mama kwa Sheng, akamuuliza, "Mathe, hiyo ni reli ama ni kamba ya kuanika nguo?"

Baada ya nusu saa, magari yake mawili yalikutana uso kwa uso njiani na kukwama kama mbuzi wawili darajani. Tonny alikuwa na abiria 900. Jael alikuwa na 140, na inawezekana nusu yao walishashuka kutembea.

Hapo ndipo akakumbuka maji.

Soweto West, vichochoro havitoshi watu wawili wenye mitungi. Kwa hiyo kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: aliyebeba maji hupita, na mwenye mtungi mtupu hujibanza kwenye mlango ulio karibu, awe anamjua mwenye nyumba au hamjui. Hakuna anayegombana, labda mgeni.

Jael akaanza kuijengea reli yake milango. Kila baada ya kipande, aliweka njia fupi ya kando yenye taa ya ishara. Magari yaliyojaa watu wa kwenda mjini yalipita moja kwa moja. Yaliyorudi karibu matupu yaliingia kando, yakangoja. Msongamano ukafunguka, na Jael akaongeza magari mengine manne.

Upande wa pili, reli za Tonny zilikuwa zinang'aa, ila stesheni zake zilianza kukauka. Aliongeza magari, akaongeza tena, yakawa yanakimbia na viti vitupu. Ilimchukua muda kuelewa kwamba abiria walikuwa wakitoka kwenye nyumba zile alizozibomoa.

Kengele ilipolia, Tonny alikuwa na abiria 1,985. Jael alikuwa na 2,310.

"Nilijua kunyoosha," Tonny anakiri. "Kupishana sikujua."

Masomo ya Jael yanaanza leo, Jumatatu, saa nane. Akimaliza kozi anataka kukodi chumba karibu na nyumbani, awachapie majirani barua kwa bei ya majirani. Barua ya kwanza ataiandika yeye mwenyewe kwa wakubwa wa reli, kuwaonyesha mahali ambapo treni ya asubuhi inafaa kungoja mwenzake. "Wasipojibu," anasema, "nitawachapia ya pili."

Lakini saa nane bado haijafika, na sakafu haijui kama mshindi ndiye anayeifagia. Jael anainua ndoo iliyojaa maji na kuingia kwenye ujia mwembamba wa chuo. Kutoka upande wa pili anakuja Tonny, mikono mfukoni.

Tonny anasimama. Kisha anarudi nyuma hatua mbili, anajibanza kwenye mlango wa ofisi ya Umar.

"Pita, Mathe," anasema. "Wewe ndiye uko na mzigo."