Shangazi Yetu wa Darasa la Pili

Shangazi yetu yuko darasa la pili. Meno mawili ya mbele hana, kamba za viatu bado anafungiwa, ila ni shangazi, tena wa damu. Babu alioa upya uzeeni, akajaliwa binti, na binti huyo ni dada yake baba. Sasa mimi niko kidato cha tatu, ndevu zinachungulia (kwa aibu, lakini zinachungulia), na kila asubuhi shangazi akitokeza mlangoni sharti niseme, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu," ananijibu. "Nenda kanichotee maji ya kuoga."

Babu ndiye aliyeipitisha sheria hiyo, na kwa babu hakuna rufaa. Nimeanza nayo kwa sababu ndiyo iliyokuja kumponza dada yangu.

Dada alikuwa anasomea ualimu wa shule ya msingi. Chuo kikampangia mazoezi ya kufundisha katika shule ya kwetu, njia ya Makurunge, darasa la pili. Ndiyo, hilohilo la shangazi. Nyumbani dada ni bingwa wa kelele. Gusa chaja yake uone, ukali wake unasikika hadi Mbegani. Lakini mbele ya watoto sauti ilimkimbia. Mkaguzi kutoka chuoni alipokuja mara ya kwanza, watoto walipiga soga, mmoja akala andazi lake taratibu, mwingine akampanda mwenzake mgongoni, na dada akawa ananong'onezana na ubao. Mkaguzi akamwambia, "Mwalimu, leo darasa limekufundisha wewe." Angerudi mara moja tu. Akikuta hali ileile, mazoezi yote yangerudiwa mwaka unaofuata.

Dada alilia siku nzima. Nikamfariji ninavyojua mimi: "Usijali, utasimamia mitihani. Kule kunyamaza ndiyo kazi yenyewe."

Alinirushia kandambili, kisha akanigeuza mwanafunzi. Jioni baraza letu likawa darasa: mimi, shangazi na mbuzi wa jirani aliyehudhuria kuliko wote.

"Tuna makombe tisa," dada anasema, akitupangia magamba ya chaza aliyookota pwani. "Tukitoa manne, yanabaki mangapi?"

"Inategemea nani kayatoa," nikajibu.

"Toka nje!"

"Niko nje, mwalimu. Hili ni baraza."

Shangazi akanyoosha kidole. "Mwalimu, mchape huyu."

Kitu kimoja dada alikipatia kabisa, nacho ni kuitikisha. Akinyoosha mkono juu na kusema neno, watoto wote wanalirudia kwa pamoja. Madarasa ya chini ndivyo yanavyoendeshwa. Mkono juu, wanarudia. Mkono chini, kimya. Yaani kimya ilikuwa ndoto, lakini kurudia walirudia.

Siku ya mkaguzi, kwetu sekondari kidato cha nne walikuwa na mtihani wa moko, vyumba havikutosha, wengine tukaambiwa tusije. Nikambebea dada ndoo yake ya makombe, nikajibanza dirishani. Mkaguzi aliteremka kwenye basi la Chalinze na vumbi lake, akakaa dawati la nyuma, akafungua kalamu.

"Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba. Hamjambo? Kaeni."

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Kisha dada akageukia ubao, akakuta hakuna chaki. Akamtuma shangazi ofisini. Ile kusubiri ndiyo ikaharibu: huku soga zikaanza, kule makombe yakaanza kurushwa, na mkaguzi akainamia karatasi yake. Dada akanyoosha mkono juu ili awaitikishe kitu, chochote kile. Wakati huohuo shangazi akatokeza mlangoni, vilevile kama anavyotokeza nyumbani kila asubuhi.

"Shikamoo shangazi," dada akasema.

Na mkono bado uko juu. Darasa zima likarudia: "Shikamoo shangaziii!"

Shangazi hakushtuka hata kidogo. "Marahaba wanangu," alisema. "Kaeni. Nyamazeni."

Wakakaa. Wakanyamaza! Nilimsikia kuku akiparua mchanga uwanjani. Shangazi akamkabidhi dada chaki. "Endelea, mwanangu."

Niliuma ukosi wa shati nisiangue kicheko. Dada alifundisha kipindi chote kwa sauti ya mgonjwa, watoto wametulia kama wako kwenye hitima, jicho moja kwa shangazi.

Baadaye mkaguzi akamwita dada kwenye veranda ya ofisi. Mimi na shangazi tukasogea, kwa bahati tu.

"Yule mtoto ni nani?"

Nikamfanyia dada ishara: sema ni mbinu ya kufundishia! Akaniangalia, akamwangalia mkaguzi. "Ni shangazi yangu. Tunamwamkia nyumbani. Nimepitiwa."

"Basi nina tatizo," mkaguzi akasema. "Darasa limetulia, lakini limetulizwa na mwanafunzi. Maksi nikupe wewe au nimpe shangazi yako?"

"Tugawane," shangazi akadakia.

Mkaguzi alikohoa ili asicheke. Akauliza kama darasa la tatu kuna ndugu. Dada akasema hakuna. "Kafundishe huko, sasa hivi. Shangazi abaki hapa."

Shangazi alibaki, akiwa amening'ang'ania mkono. Ndipo tukaisikia. Ile sauti ya chaja, jamani! Ilivuka uwanja mzima: "Wewe wa nyuma, kombe halinuswi, linahesabiwa!" Nadhani mtu akishamwamkia mtoto wa darasa la pili mbele ya mkaguzi hana tena cha kuogopa duniani. Dada alifaulu.

Sasa anajitolea shuleni hapohapo huku akisubiri ajira. Babu alikaa nao wote wawili akaweka mpaka: ndani ya geti ni mwalimu na mwanafunzi, nje ya geti ni mtoto na shangazi. Kila mchana shangazi hutangulia kutoka, akasimama hatua moja nje ya geti, akamngojea. Dada huvuka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo umefundisha vizuri. Nibebee begi."