Telefone ya mama na kodi inayojulikana na majirani wote

Leo mama amenimaliza, jamani.

Asubuhi yote nililinganisha sistemi mbili za telefone, zile za bure, zisizochungulia mambo ya mutu. Moja inafunga kila kitu kabisa. Ingine inafunga kidogo, lakini ni nyepesi kwa telefone ya zamani kama ya mama.

Nikamuwekea ile kali. Na kodi ndefu, zile namba za siri za kuifungua!

Mchana narudi kutoka sokoni, hapa Kasongo, nakuta jirani yetu Mama Salima ndani ya nyumba, peke yake. Yeye hana telefone. Anasikiliza sauti aliyotumiwa na mutoto wake anayechimba madini kule Lusangi, kwa telefone ya mama.

Kodi anaijua. Majirani wote wanaijua!

Mama mwenyewe iko inje kwenye jua, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu.

"Mama, sasa siri iko wapi?"

"Siri gani imetoka?"

"Haya, mutoto wa Mama Salima amesema nini?"

Akaniangalia kama mimi ni mutu asiye na adabu.

"Nitajua namna gani? Wakisikiliza, mimi natoka, natwanga."

Sasa nyinyi wa mambo ya telefone, niambieni: ni sistemi gani inajua kutoka inje?